Kiapo cha Njia ya Kabambare

Mtu akijikwaa kidole hupiga yowe, akaketi chini, akakifunga kitambaa, na siku zikipita husahau hata kisiki chenyewe kilikuwa wapi. Akijikwaa ulimi mambo huwa mengine. Jeraha haliishii kwake, huwafikia na waliosimama karibu naye, na kitambaa cha kulifungia hakijafumwa bado. Ndiyo maana wazee wakatuachia methali isemayo kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kassimu wa Kasongo aliijua methali hii tangu utotoni, na alipenda kuwaambia wengine. Lakini kuijua methali ni kazi moja, kuifuata ni kazi nyingine.

Kassimu alikuwa mkulima wa mpunga zama zile mashamba yalipouzunguka mji wa Kasongo pande zote, na misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikiingia na kutoka. Alizaliwa papo hapo na mama yake alikuwa Mzimba, mwenyeji wa huko, ila yeye alivaa kanzu na kilemba, akapenda kuketi barazani na wageni waliotoka pwani. Kwao alijifunza mema mengi: kusoma, kukaribisha mgeni, kuchagua mbegu. Alijifunza na baya moja, nalo ni kuapa kwa talaka. Wengine waliapa kwa Mungu wakatosheka. Kassimu aliona kiapo hicho hakina pilipili. Watu wakibishana juu ya chumvi iliyoletwa na msafara, yeye husema, "Mke wangu si mke wangu kama nasema uongo!" Baraza zima likaangua kicheko.

Mwalimu Amuri hakucheka. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto Kurani, akafungisha ndoa za mji na kuzifungua zilizoshindikana. "Kassimu, baba," alimwambia siku moja, "talaka si chumvi, huitii katika kila mchuzi." Kassimu akambusu mkono kwa adabu, na kabla ya alasiri alikuwa amekwisha apa tena.

Mkewe aliitwa Waridi, Mbangubangu kwa kabila, mwenyeji wa Kabambare. Kassimu alimwoa kwa mahari ya bangili nene ya shaba, na tangu siku ya harusi bangili hiyo haikutoka mkononi mwake, hata alipokuwa akitwanga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi, na shamba lilimtegemea yeye kuliko lilivyomtegemea mwenye kilemba. Walikuwa na mtoto mmoja, Amisa, ambaye kazi yake ilikuwa kupanda juu ya dungu na kuwinga ndege wasile mpunga.

Mwaka mmoja, mpunga ukikaribia kuiva, Waridi alikwenda kwao Kabambare na mwanawe kwa harusi ya kaka yake Sumaili. Alikusudia kurudi upesi, lakini mvua ikanyesha bila huruma, mito ikafurika, na hakuna aliyethubutu kuvuka. Huku Kasongo, dungu lilibaki tupu. Kassimu aliketi barazani akiamini kwamba ndege nao wana haya. Waridi aliporudi, alikuta nusu ya shamba ni mabua matupu, na mumewe amesimama katikati ya wavunaji, macho mekundu.

Hakumpa salamu wala maji. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi shamba la jirani, "Sikiliza, Waridi. Ukikanyaga Kabambare tena, umeachika kwa talaka tatu."

Wavunaji wakainamia kazi zao kama watu waliokosa masikio. Waridi akatua mzigo, akamketisha mtoto kivulini, akachukua kisu na kuanza kuvuna.

Jioni, Kassimu alipokwisha kula na hasira kumshuka, mkewe alimwuliza taratibu, "Baba Amisa, ile neno ulisema mbele ya watu, unaweza kuiondoa?"

"Neno iko neno," alijibu Kassimu.

"Basi uliza Mwalimu. Pengine kuna njia."

"Nitamuuliza."

Hakumwuliza. Kila alipompitia Mwalimu alimwona na watu, akawaza watakavyomcheka barazani: Kassimu mwenye viapo vizito, leo anatafuta wa kumfungua. Akaahirisha mpaka akasahau kwamba anaahirisha. Waridi akaacha kwenda kwao, na nyumba ikatulia kwa utulivu wa mtu anayetembea na mwiba mguuni bila kuusema.

Mwaka wa pili baba yake Waridi akafariki. Habari ililetwa na wapagazi waliopitia Kabambare. Waridi alimpigia mumewe magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Wacha niende nimulilie baba yangu. Mwalimu alikuambia nini?"

Hapo ulimi wa Kassimu ukajikwaa mara ya pili, na safari hii hakukuwa na hasira ya kuisingizia. "Nilikwisha kumuuliza," alisema. "Amesema haina dawa."

Waridi alimwamini. Alikaa matanga peke yake ndani ya nyumba ya Kasongo, uso kauelekeza upande wa Kabambare, na majirani walikuja kumpa pole kwa msiba ambao maiti yake haikuwapo. Matanga yalipokwisha, mama yake, Bi Mwanvua, akaja mwenyewe, mjane aliyekonda. Alipoondoka alimwomba mjukuu amliwaze, na Amisa akaenda kukaa na bibi yake msimu mmoja. Kassimu hakukataa. Aliona kwamba kwa kumtoa mtoto amelipa kitu fulani, ingawa hakujitajia ni kitu gani.

Msimu haujaisha, Kassimu alikuwa akifyeka shamba jipya alipokipiga kisiki teke bila kukiona. Ukucha wa kidole gumba ulipasuka, na kesho yake kidole kilivimba kama kiazi. Alikuwa amelala ukumbini, mguu juu ya mto, Sumaili alipoingia na vumbi la njia nzima mwilini.

Sumaili hakungoja kukaribishwa. "Shemeji, mutoto iko mugonjwa. Ndui imemukamata. Anaita mama yake tu, hata maji anakataa."

Kassimu aliinuka. "Nitaenda miye," akasema, akakanyaga chini, akaanguka palepale. Alijaribu tena kwa kushika nguzo, na mara hii jasho likamtoka usoni. Kabambare ni mwendo wa siku kadhaa kwa mguu mzima, na wake haukuweza kumfikisha uani.

Waridi alikuwa amekwisha jifunga kaniki yake. Yeye aliugua ndui utotoni, makovu yangalipo shingoni, na kila mtu alijua kwamba haimrudii mtu. "Miye nitaenda," alisema.

"Waridi, kiapo."

"Mutoto anakufa. Kiapo itabaki na weye."

"Dada, ngoja kidogo," alisema Sumaili, aliyekuwa kijana wa busara. "Tuite Mwalimu kwanza. Hii mambo haifunguliwi na mutu mwenye hasira."

Kassimu alitamani kusema asiitwe, akakosa sababu ya kuitaja. Mwalimu Amuri akaja na fimbo yake, akasikiliza yote, akafikiri muda mfupi sana.

"Jambo hili si gumu," alisema. "Waridi akikanyaga Kabambare akiwa mke wako, talaka tatu zinamwangukia, nawe huwezi kumrudia mpaka aolewe na mwingine, akae naye kweli, na mwingine huyo amwache. Lakini akikanyaga Kabambare akiwa si mke wako, kiapo kimekwisha kazi yake na hakikupata mtu wa kumwangukia. Basi mwachane leo kwa khului. Yeye akupe kitu, nawe umwachilie. Hiyo ni talaka moja. Haja ya mtoto inamruhusu kusafiri ndani ya eda. Baadaye mtafunga ndoa mpya kwa mahari mapya, kama atakubali."

"Atakubali," alisema Kassimu, akishusha pumzi.

"Mimi nimesema kama," alijibu Mwalimu.

Waridi alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, hii dawa ilianza lini?"

"Imo vitabuni tangu kabla hatujazaliwa, mama."

"Na wakati baba yangu alikufa?"

"Ilikuwapo. Ningeisema siku hiyohiyo. Hakuna aliyeniuliza."

Waridi alimgeukia mumewe. Kassimu alikitazama kidole chake, akakitazama sana, kama kwamba ndicho kilichosema uongo. Hakuna aliyemfokea, na yeye angalipenda afokewe. Waridi alipaka mkono mafuta kidogo, akaizungusha bangili ya shaba mpaka ikatoka, akaiweka juu ya mkeka. Mwalimu akawatamkisha maneno. "Nimekuachilia kwa bangili hii," alisema Kassimu. "Nimekubali," alisema Waridi. Kisha akainua kifurushi chake na kutoka pamoja na kaka yake, na jua lilikuwa bado juu.

Siku zilizofuata Kassimu alikikanda kidole kwa maji ya moto na majani, akingoja habari. Ziliposema mtoto ameanza kunywa uji, alilia mbele ya mpagazi aliyezileta bila kuona haya. Ziliposema magamba ya ndui yanapukutika, akaanza kutazama njia. Usaha ukakauka, ukucha mpya ukachipuka, lakini Waridi hakuonekana. Mwishowe akamwendea Mwalimu na kumwuliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kabla ya kusema neno lolote.

"Akikataa kurudi, mtoto ni wa nani?"

"Mtoto ni wenu nyote wawili," alisema Mwalimu. "Akiwa mdogo, kumlea ni haki ya mama maadamu hajaolewa na mwingine. Akifikia umri wa kupambanua mambo, huulizwa mwenyewe, na atakayemchagua ndiye atakayekaa naye. Chakula na nguo zake ni juu yako, awe Kasongo, awe Kabambare. Hilo halina hila."

Kassimu akafunga safari, na mguu haukumsumbua hata kidogo. Alibeba bangili ileile, na juu yake nguo mpya na mfuko wa mchele. Bi Mwanvua alimpokea kwa maji ya kunawa na chakula, kama ilivyo desturi, kisha wakaketi uani: yeye, Sumaili aliyekuwa walii wa dada yake, mwenye haki ya kumwozesha, na Waridi.

"Mama Amisa," alisema Kassimu, "nimekuja kuomba upya. Nilikosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Waridi. "Hata ile siku ya shamba nilikwisha kuisamehe. Hasira inapata kila mutu. Lakini nilikuuliza wakati baba yangu amekufa, na hukuwa na hasira. Ulikuwa umeshiba, umekaa vizuri, na ulisema uongo. Kila siku nikikutazama nitakumbuka kaburi yenye sikuiona ikifunikwa. Chukua bangili yako, Kassimu. Sirudi."

Kassimu alimtazama Sumaili. Sumaili alitikisa kichwa. "Bila yeye kupenda, shemeji, miye siozeshi."

"Basi mutoto atachagua," alisema Kassimu. Amisa alikuwa amekwisha fikia umri wa kupambanua mambo, naye Kassimu alijua kwamba mtoto alimpenda, na tumaini lake lote lilikuwa limebaki hapo.

Wakamwita. Amisa alikuja akikimbia, mrefu kuliko alivyoondoka, uso una mashimo madogo ya ndui na macho ni yaleyale. Alimkumbatia baba yake shingoni kwa nguvu. Sumaili akamweleza polepole, bila kumsukuma upande wowote, kwamba anaweza kukaa Kasongo na baba au Kabambare na mama, na hakuna atakayemkasirikia.

Mtoto alifikiri. Kisha akainama kuutazama mguu wa baba yake. "Baba, kidole yako imepona?"

"Imepona, mwanangu."

"Weye umepona. Mama bado analia kwa kaburi ya babu," alisema Amisa. "Nitabaki na yeye. Mpunga ikianza kuiva, nitakuja kukufukuzia ndege."

Kassimu alimwambia ni vema, na kwamba dungu lake litamngoja. Akamkabidhi Bi Mwanvua nguo na mchele, akaahidi kuleta vingine kila mavuno, na kwa kweli ahadi hiyo hakuivunja hata mara moja. Kesho yake akarudi Kasongo. Barazani walimwuliza kama ni kweli mtoto amemchagua mama, na wakangoja aape. Alisema ni kweli, basi, akaketi.

Alasiri akalipitia shamba lile jipya, akielekea la zamani lililokwisha pandwa mbegu. Kisiki kilikuwa palepale, na damu iliyokauka juu yake mvua ilikuwa imeiosha. Akakipita kwa hatua ya mtu mwenye mguu mzima, akafika shamba la zamani, akapanda juu ya dungu tupu, akaketi kuwinga mwenyewe ndege wasile mbegu. Kidole kilikuwa kimepona bila kuacha hata alama; lakini mke alikuwa Kabambare, na mtoto alikuwa Kabambare, na neno la uongo lililowabakisha huko halikuwa na dawa. Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.