Kapu Lililofunikwa Khanga

"Aibu haina tumbo, watoto wanalo." Mmeisikia leo sokoni, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni, chai ipo. Ilianzia mtaa huuhuu, na mimi nilikuwepo.

Kiwanda cha magunia kilipofungwa, akina mama walifungua ghala la chakula. Kila Ijumaa unakwenda na kapu lako, unasema ni la nani, Mama Shemweta anakupimia unga na maharage. Sikudhani, aliyekuwa mpishi wa harusi zetu zote, akaja na kapu lililofunikwa khanga.

"La jirani yangu Mwantumu. Anaumwa, hajiwezi."

Ijumaa tatu akapewa. Ya nne, Mama Shemweta akaweka chini kopo la kupimia.

"Wiki zote hizi mwenzetu yuko kitandani, nasi hatujamjulia hali? Twendeni. Chakula chake tutampelekea wenyewe."

Sikudhani alisahau, maskini, kwamba kwetu ukimtaja mgonjwa umeuita mtaa mzima. Tukajifunga khanga, wanawake kumi na wawili, mfuko wa unga mbele. Yeye nyuma na kapu lake tupu. Wanawe watatu hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana mchana.

Tulimkuta Mwantumu uani anatwanga kisamvu, mchi unaruka, nyimbo juu. Na ulimi wa Mwantumu, jamani, ulinyoa bila maji.

"Tumekuja kukuona, mgonjwa," Mama Shemweta akasema taratibu.

Mchi ukasimama. Mwantumu akatutazama mmoja mmoja, mpaka akamfikia Sikudhani na lile kapu.

Akashika kiuno. "Uwii! Afadhali leo, jamani. Jana hata kugeuka sikuweza."

Tukamwachia chakula, tukaaga. Mimi nikajichelewesha mlangoni. Umbeya nao una kazi yake. Nikamwona Mwantumu amemzuia Sikudhani, anamimina unga wote kwenye kapu lake.

"Ijumaa ijayo siumwi, nimechoka kuumwa. Aibu haina tumbo, shoga. Watoto wanalo."

Ijumaa iliyofuata Sikudhani akaja, akaivuta khanga ya kapu mbele ya foleni nzima.

"La nani?"

"Langu. Na wanangu watatu."

Nikageuka nione nani atacheka. Hakucheka mtu. Nusu ya makapu pale yalikuwa yamefunikwa, na langu, nililozoea kusema ni la shangazi, likiwamo.

Nami nikaivuta khanga yangu. Aibu haina tumbo, wanangu. Watoto wanalo.