Matikiti Nyuma ya Jiwe la Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa wewe useme, sisi tusikie!

Basi kaeni. Na wewe wa nyuma, kohoa ukigeukia ukuta, usituharibie ngano.

Hapo kale, kale wakati milima bado ni vichuguu, uliingia ugonjwa wa kikohozi. Haukuchagua. Bara walikohoa, pwani walikohoa, na ndege waliotoka ng'ambo ya bahari walisema huko nako wanakohoa vilevile. Wanyama wakaambiwa kila mmoja akae shimoni mwake. Soko likafungwa, ngoma zikanyamaza.

Kati ya waliokufa alikuwamo mume wa Bi Nungunungu. Alimwachia mkewe watoto wawili na kibuyu cha mbegu za tikiti, kimetundikwa juu ya moshi wa jiko. Matikiti yake yalikuwa na mistari ya manjano, na hapakuwa na mwingine nchi nzima aliyekuwa nayo. Mbegu zile ndizo zilizokuwa chakula cha watoto msimu ujao. Zikipotea, basi tena.

Sasa wanyama wale walikuwa na mila yao: msiba ukiwapo, jembe halishikwi mpaka matanga yaanuliwe. Na mwenye kuanua matanga alikuwa Nyani. Nyani huyu alipenda misiba kuliko harusi, maana harusini mtu huulizwa amealikwa na nani.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Bi Nungunungu akashika jembe. Nyani huyo, akasimama mbali kwa kuogopa kikohozi, akafuta machozi yasiyokuwapo.

"Shemeji, weka jembe chini. Jirani yetu Tohe amefariki."

Akaomba mbegu kidogo akawakaangie wafiwa. Akapewa konzi moja, akaondoka nayo mbio.

Mwezi ukapita. Bi Nungunungu akashika jembe. Nyani huyo tena. Safari hii amekufa Mhanga. Akapewa konzi ya pili.

Mwezi ukapita. Bi Nungunungu akashika jembe. Nyani huyo kwa mara ya tatu. Nani tena? Shangazi yake Konokono, wa ng'ambo ya mto. Bi Nungunungu akasema hakujua kama Konokono ana shangazi. Nyani akamwambia ndiyo maana uchungu umezidi, marehemu kafa hajajulikana. Akaenda na kibuyu chenyewe.

Bi Nungunungu akajikunja shimoni, akasema dunia imekwisha. Watoto walilia njaa. Alikata tamaa kabisa, siwafichi.

Lakini mvua haikuambiwa kwamba kuna msiba. Ilinyesha tu. Njia ya sokoni ikaota nyasi, vipepeo wakajaa kama hawana habari. Asubuhi moja Bi Nungunungu akatoka kuchimba mizizi, akapita nyuma ya jiwe la Nyani, ambako hakuna aliyepita tangu watu waanze kukimbiana.

Kwanza alikutana na harufu. Akaziba pua, akatazama.

Yalikuwapo malundo matatu. La kwanza lilikuwa na tikiti kubwa, lenye mistari ya manjano. La pili lilikuwa na maua. La tatu lilikuwa na vijani viwili tu, vimeinuka kana kwamba vimezaliwa mahali pa heshima. Mla kwa pupa hatafuni, ndugu zangu. Nyani alizimeza mbegu mbichi, akachutama pale pale.

Bi Nungunungu akacheka. Hakuwa amecheka tangu amzike mumewe. Alicheka mpaka miiba ikamsimama, kisha akalia, maana aliiona kazi ya mumewe, ingawa ilipitia njia ya aibu.

Akamwita Kobe, mkubwa wao, na majirani wote. Wakasimama mbalimbali majanini. Nyani naye akaja, akasema yale ni maotea, yameota yenyewe, ni kazi ya Mungu.

Bi Nungunungu akamwambia, "Maotea ni ya Mungu, shemeji. Mavi ni ya nani?"

Nyani akageuka kutazama nyuma. Lakini nyani haoni kundule, na siku ile wenzake waliliona kwa niaba yake.

Kobe akamuuliza Konokono habari za shangazi. Konokono akasema hajapata kuwa naye. Basi Nyani akahukumiwa kukaa juu ya kokoto na kulinda miche ile mpaka mavuno. Alikaa hadi manyoya ya makalio yakaisha, na mpaka leo hayajarudi.

Tikiti likapasuliwa, watoto wakala wakashiba. Mbegu zake Bi Nungunungu akamwekea kila jirani konzi moja chini, kisha akarudi nyuma hatua tatu. Kikohozi kilikuwa bado hakijaondoka. Waliendelea kuzika, na kesho yake walilima.

Basi jifunzeni: nchi haikai matanga. Na anayekwambia weka jembe chini, chungulia kwanza nyuma ya jiwe lake.

Ngano yangu naiacha hapo. Mwenye kucheka acheke, mwenye kukohoa ageuke, mwenye jembe aende shamba.