Amina Iliyochelewa

Mlango uliouruka ndio utakaourudia. Mama Ngonyani aliwaambia hivyo asubuhi hii mlipokuwa mkifunga kuni za kuwapelekea wagonjwa, nanyi mkatazamana kama watu waliosemeshwa Kilatini. Sasa mvua imetufungia hapa ukumbini, na Desideri ameniuliza methali hiyo imetoka wapi. Tena ameuliza yeye, aliyetaka nyumba ya Mzee Kapinga iachwe kwa kuwa mzee ana maneno makali na njia yake ina utelezi. Haya, sogeeni. Nimefundisha kipaimara katika kigango hiki tangu mama zenu ni wasichana, lakini hadithi hii siisimulii kila mwaka, maana nikiisimulia silali vizuri.

Methali hii ilianza hivi.

Ng'ambo ya kijito, pale mnapoona migomba isiyo na mwenyewe, palikuwa na nyumba ya Bibi Sijaona. Alikuwa mjane. Alikuwa amezika waume wawili na watoto wake wote, na mnajua watu walivyo: mtu akizika sana, huulizwa yeye amebakije. Hakuna aliyewahi kumwona akitenda ubaya, lakini watoto walikatazwa kuokota maparachichi yake, na akipita gulioni watu walishikwa na haraka ghafla.

Uzeeni aliomba kubatizwa. Akajiunga na mafundisho ya watu wazima, akikaa karibu na mlango. Mwalimu wake alikuwa katekista Batholomayo Nchimbi, mtu wa kujitolea kama sisi, aliyepalilia kahawa yake asubuhi na kufundisha mchana. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya. Bibi Sijaona alikuwa mzito wa masikio, kwa hiyo alifuata sala kwa kutazama midomo ya wenzake, na kwa hiyo alichelewa. Wote wakishasema Amina na kunyamaza, ndipo yake ilipokuja, peke yake, ya chini na ya kuvuta. Watoto walicheka. Batholomayo hakucheka; alijizoeza kumngoja kidogo kabla ya kuendelea. Alimwahidi atabatizwa Noeli, naye bibi alikwishachagua jina lake, Perpetua.

Ulipofika Oktoba, mwezi wa rozari, sanamu ya Mama Maria ikaanza kuzunguka nyumba za jumuiya, kama inavyozunguka hadi leo. Kila alasiri watu huisindikiza kwenye nyumba yenye zamu, husali hapo, nayo hulala hapo mpaka kesho yake. Bibi Sijaona aliambiwa zamu yake. Akaipaka nyumba udongo mweupe ndani na nje. Akaja kwa mama yangu, aliyekuwa bibi harusi mpya wakati huo, akaazima kitambaa cha meza. Mama alisema hajawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile kwa ajili ya kitambaa.

Lakini nyumba iliyofuata baada yake ilikuwa ya akina Hyera, na humo mlikuwa na mtoto mchanga. Mama Hyera akamweleza Batholomayo kwamba sanamu ikilala kwa yule bibi, kwake isije. Wengine wakaguna kukubali. Batholomayo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na amani ya namna hiyo mara nyingi hulipiwa na asiyekuwapo. Akasema basi, sanamu ivuke moja kwa moja hadi kwa akina Hyera, kwa bibi watarudi mwisho wa mwezi. Wala hakutumwa mtu wa kumwambia. Kila mmoja alidhani ataambiwa na mwingine, na moyoni kila mmoja alifurahi kudhani hivyo.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye vizingiti. Wakasali kwa akina Hyera mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Walipomaliza fumbo la kwanza wakasema Amina, wakanyamaza. Nje ya mlango ikaja Amina nyingine, ya chini na ya kuvuta.

Mtu mmoja akafungua, akijua atamwona bibi amesimama kizingitini, na pengine akiwa tayari na salamu ya kuficha aibu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu tu, na ua uliofagiliwa usio na alama ya mguu.

Kesho yake walikuwa katika nyumba ya mbele zaidi, mbali zaidi na kijito. Safari hii ilisikika dirishani. Hawakufungua. Batholomayo alisoma haraka, na watu wakaaga bila kunywa uji. Jumapili bibi hakuonekana kwenye mafundisho, na waliouona mkeka wake mtupu wakaambiana kwamba amesusa. Batholomayo angeweza kwenda kumtazama. Alikuwa na aibu, akapita njia ya juu isiyofika kwake.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya mama yangu. Wanawake walikaa mkekani, yeye akiwa nyuma kabisa, mgongo ukutani. Baada ya fumbo la kwanza Amina ile ilikuja, nayo haikutoka mlangoni wala dirishani. Ilikuwa humo chumbani. Wenzake wakasogea mbele bila kuambiana, mpaka nusu ya mkeka ikabaki wazi.

"Mwalimu, ni yeye," Mama Hyera akasema.

"Ni mwangwi, dada. Bonde hili lina mwangwi."

"Mwangwi unakurudishia sauti yako. Hii ni ya mtu, na sote tunamjua."

Batholomayo akaitazama rozari iliyoning'inia mkononi mwake. Kisha akasema, "Nitaanza mimi. Mtu yeyote asiitikie."

Akaanza Salamu Maria. Alipofika mahali ambapo watu hupokea, akanyamaza, nao wote wakafumba midomo kama walivyoagizwa. Mtoto wa Hyera alikuwa akilia, naye akaacha. Ndipo itikio likaja lote, neno kwa neno, polepole, nyuma ya mgongo wa mama yangu ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa udongo. Likafika kwenye yale maneno, sasa na saa ya kufa kwetu, likasema Amina, likaisha. Mama alisema alihisi pumzi shingoni, na ilikuwa ya baridi. Aliniambia hivyo akiwa mzee, kwenye jua la mchana, na bado alijifunika khanga.

Batholomayo akainuka, akaichukua sanamu mezani kwa mikono yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemzoeza kungojwa," akasema. "Sasa yeye anatungoja sisi. Twendeni."

Wakashuka bondeni ndani ya ukungu, hakuna aliyeimba. Walivuka kijito wakaiona nyumba, nyeupe, mlango ukiwa wazi. Wakabisha hodi, wasijibiwe. Wakaingia.

Meza ilikuwa imetandikwa kile kitambaa. Juu yake palikuwa na maua yaliyonyauka na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani. Bibi Sijaona alikuwa chini, kando ya meza, uso wake ukielekea mlangoni. Siku ya zamu yake alikuwa ametoka kuchuma maua zaidi, akateleza kijitoni, nyonga ikavunjika. Alitambaa mpaka ndani. Alama ya kutambaa kwake ilikuwa imekauka kwenye udongo mweupe wa kizingiti. Hakumfungia Mama Maria mlango.

Alikuwa hai. Lakini sauti ilikuwa imekwisha kwa kuita siku zile zote. Mama Hyera alimlowesha midomo, na bibi akajaribu kusema, hakikutoka kitu, hata mkoromo. Basi nani alikuwa akiitikia? Msiniulize. Nimemuuliza Mungu, naye hajanijibu.

Batholomayo akapiga magoti, akausogeza uso wake karibu ili bibi aione midomo yake.

"Bibi, nilikuruka. Nisamehe."

Bibi akamtazama midomo, kisha macho, akatikisa kichwa kidogo, ule mtikiso wa kumwambia mtu yaishe. Mnajua kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, hata katekista anaweza kubatiza, nimewafundisha. Batholomayo akafunua kile kikombe. Maji ambayo bibi aliyaweka kwa ajili ya mgeni wake ndiyo yaliyombatiza, akaitwa Perpetua kama alivyotaka. Kisha wote wakasali, naye akiwatazama midomo, na yake ikicheza pamoja na yao. Waliposema Amina, akaufumba mdomo wake pamoja nao.

Wakangoja kwa mazoea ile nyingine ije. Haikuja. Walingoja mpaka wakaelewa kwamba bibi amekwenda.

Mmekuwa mkiwacheka wazee wa jumuiya hii kwa sababu baada ya Amina hukaa kimya kidogo kabla ya kuinuka. Mnadhani wamesinzia. Desturi hiyo waliipata kwa Batholomayo, ambaye hakuacha kusikiliza mpaka alipozikwa. Tena kila Oktoba sanamu huanzia pale kwenye migomba. Tunabisha hodi mahali pasipo na mlango, na Mama Hyera ndiye aliyeibeba miaka yote, mpaka magoti yakamshinda.

Mvua imekatika. Tusali kabla ya kutoka, na mkishasema Amina msikimbilie mlango, sikilizeni kwanza. Mkisikia za kwenu tu, mshukuruni Mungu. Mkisikia nyingine, msiulize ni ya nani. Ulizeni ni mlango upi.

Desideri, naona umeshajitwisha kuni. Vizuri, mwanangu. Tunaanzia kwa Mzee Kapinga, atutukane anavyotaka. Mlango uliouruka ndio utakaourudia.