Maji ya Mwisho wa Mkeka

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Chakula bado kiko motoni, nami nina neno la kuwaambia kabla hakijaiva.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji. Watu wa kijiji hicho walijua heshima, tena waliijua mpaka kwenye kunawa mikono. Chakula kikishatengwa, bakuli la maji lilianza kwa mkubwa. Mkubwa akachovya mikono, chubwi, akampa anayemfuata. Chubwi, chubwi. Bakuli likashuka. Likashuka kwa wazee, likashuka kwa vijana, likashuka, likashuka, mpaka mwisho wa mkeka wanakokaa watoto.

Mkubwa wa wote alikuwa Mzee Mwinjaka. Miaka nenda, miaka rudi, bakuli lilianza kwake. Yeye aliyajua maji yakiwa safi, anaona uso wake ndani. Yakishatoka mikononi mwake hakuyafuata kwa macho. Kwa nini ayafuate? Alikuwa na sinia mbele yake.

Na katika kijiji hicho watoto walikufa. Kila masika tumbo la kuhara lilipita nyumba kwa nyumba. Wengine walisema ni kijicho. Wengine walisema ni meno yanaota. Wakazika, wakalia, wakarudi mkekani kula.

Masika fulani tumbo likaingia kwa Mzee Mwinjaka. Likamshika mjukuu wake, Mshamu, mtoto mcheshi aliyekuwa akimtania babu kwa kukosa meno. Akahara, akahara, macho yakazama, midomo ikakauka. Babu alimshika mkono mpaka ukapoa. Uchungu wake hausemeki.

Wanaume wakachimba kaburi. Udongo wa huko ulikuwa mwekundu, na kwa mvua ile ulinata kama uji. Wakamzika Mshamu, wakarudi nyumbani kwa wafiwa, mikeka ikatandikwa.

Mshamu alikuwa na mdogo wake wa kike, Sikudhani. Huyu ndiye mjukuu pekee aliyebaki. Mpaka siku ile alikuwa akila jikoni na mama yake. Sasa mama hakuweza hata kuinua kichwa, na mtoto alimng'ang'ania babu shingoni, hataki kushuka. Mzee Mwinjaka akamchukua, akaenda kukaa naye mwisho wa mkeka, penye watoto wenzake, amlishe kwa mkono wake.

Bakuli likaanza. Kwa kuwa mkubwa hakuwapo mahali pake, akapewa Mzee Hatibu, rika lake na rafiki yake. Chubwi. Likashuka. Likashuka kwa waliobeba jeneza, likashuka kwa waliochimba, likashuka, likashuka, likafika mwisho wa mkeka.

Sikudhani akanyoosha vidole.

Babu akaudaka mkono wake.

Maji yalikuwa mekundu. Mzee Mwinjaka aliyatazama, akautambua ule udongo. Ulikuwa udongo wa kaburi la Mshamu. Juu yake palielea ugoro, na mafuta, na magamba ya samaki. Tangu alipokua hakuwahi kuyaona maji ya mwisho.

Mzee Hatibu akasema kwa upole, "Mwinjaka, mwache mtoto anawe, tule. Pole ndugu yangu."

Mzee Mwinjaka akainuka, mtoto begani, bakuli mkononi. Akapita katikati ya watu mpaka mwanzo wa mkeka. Akaliweka mbele ya Hatibu.

"Nawa."

"Nimeshanawa."

"Nawa tena, kwa haya. Kisha ule."

Hatibu akayatazama maji. Akarudisha mikono yake nyuma. "Haya si maji ya kumpa mtu anawe," akasema.

"Mshamu alinawa kwa haya," akasema Mzee Mwinjaka. "Kila siku. Sisi tulikuwa tunanawa, yeye tunampa uchafu wetu ale nao. Na aliyekuwa akianza ni mimi."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba sasa heshima itavunjwa. Wadogo watatangulia wakubwa?

"Basi waivunje," akasema Mzee Mwinjaka. "Mimi nimechoka kuheshimiwa hivi."

Akaomba kibuyu cha maji safi, akatoboa tundu chini kwa ncha ya kisu, akaliziba kwa kijiti. Akaomba majivu ya jikoni. Akamkalisha Sikudhani, akampaka majivu viganjani, akasugua katikati ya vidole na chini ya kucha. Kisha akainua kibuyu, akachomoa kijiti. Chururu, chururu. Maji yakapita mikononi, yakaanguka chini, ardhi ikayanywa. Hayakurudi kwa mtu mwingine. Kisha mtoto wa pili akanawa, na wa tatu, wakapanda hivyo mpaka kwa Hatibu.

Tangu siku hiyo kila mlango ulikuwa na kibuyu chake. Mzee Mwinjaka alipita na bakora yake akiuliza, mpaka watu wakamchoka. Umetoka chooni, umenawa? Umemtawaza mtoto, umenawa? Unataka kumnyonyesha, umenawa? Masika yalikuja, na tumbo lilikuja, lakini nyumba nyingi lilizipita bila kuingia. Kina mama wakaanza kulala usingizi.

Siku zikaenda. Mzee Mwinjaka naye akafa, amekula chumvi nyingi. Wanaume wakachimba udongo ule ule mwekundu, wakamzika kando ya Mshamu, wakarudi. Mlangoni alisimama Sikudhani, sasa mama wa watoto, kibuyu mkononi. Wakanawa watoto. Chururu. Wakanawa vijana. Chururu. Mzee Hatibu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wote, alisubiri nyuma kabisa mpaka zamu yake ikafika.

Akakinga mikono. Akayatazama maji yakimiminika, akaona ni safi kama ya yule aliyenawa kwanza. Ndipo akalia.

Basi, ndugu zangu, anayetaka kumheshimu mtoto ampe maji ambayo yeye mwenyewe angekubali kunawia, ayamimine, wala asimchovyeshe mikono katika uchafu wa wengine.

Hadithi yangu imekomea hapo, na chakula kimeiva. Leteni kibuyu. Mdogo wetu wa leo ni nani? Aje mbele.