Bwana Harusi Mwenye Wajukuu

Ndugu zangu, hebu mfikirieni mzee mmoja, mkulima wa migomba, ambaye siku moja, akiwa na wajukuu tele, aliarifiwa kwamba yeye ni mchumba.

Alikuwa ameishi na mkewe miaka mingi kwa ndoa ya kienyeji: wazee wa pande mbili walikaa, pombe ikanywewa, binti akaletwa, basi. Lakini mama huyu alitamani kukomunika, yaani kupokea Ekaristi, kabla hajafa, na ili akomunike ilibidi kwanza wafunge ndoa kanisani. Mzee akasema, kuna ugumu gani? Ataenda Jumamosi, atabarikiwa, atarudi kupalilia.

Hakuijua ofisi ya parokia. Wachumba huhudhuria mafundisho. Basi akabanana kwenye benchi na vijana, akifundishwa maisha ya ndoa na katekista ambaye mwenyewe bado alikuwa anatafuta mke. Wachumba hutangazwa, basi likasomwa tangazo kwamba mwenye kujua kizuizi chochote aseme, na wajukuu wao wakaangua kicheko kanisani. Tena wachumba hawalali nyumba moja.

"Mwalimu, ile nyumba nimeijenga mimi," mzee alimlalamikia katekista.

"Hongera sana, mzee. Ila mwongozo wa parokia hauulizi nani kajenga."

Akahamia kwa mdogo wake, godoro kichwani. Jirani akamwuliza, "Vipi, umefukuzwa?"

"Hapana. Naoa."

Ikafika siku ya mahojiano. Katekista akauliza, "Mzee, mchumba wako anapenda kinywaji gani?"

"Chai ya rangi," akajibu upesi, kama mtu aliyepewa swali rahisi kwenye mtihani.

Mama akamgeukia. "Nani kakwambia, Baba Agripina? Nakunywa ya rangi kwa sababu maziwa unayamaliza wewe."

Katekista akaandika: Bado wanafahamiana.

Mzee alicheka pamoja nao, lakini njiani kicheko kilimwishia. Kama chai hakuijua, ni mangapi mengine?

Siku ya harusi padri akawauliza, "Je, mmekuja hapa kwa hiari yenu, bila kulazimishwa?"

"Ndiyo!" mzee akaitika kwa nguvu, hata kwaya ikataka kuanza kuimba.

Mama akasema taratibu, "Padri, hilo swali sijawahi kuulizwa maishani. Naomba nilifikirie kidogo."

Mnaliona hilo kanisa? Wapishi mlangoni walitazamana. Pilau ilikuwa imeshaiva. Katekista alifunua mwongozo mbele na nyuma, wala haukuwa na ukurasa wa jambo hilo. Na mzee akamgeukia mkewe. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaza kwamba mwanamke huyu angeweza kusema hapana. Akaikumbuka siku alipoletwa kwake, msichana aliyejifunika khanga mpaka usoni. Watu waliulizwa kama wameshiba. Yeye hakuulizwa chochote.

Mzee akapiga magoti, huku akishikilia benchi.

"Mama Agripina, sikukuuliza. Nakuuliza leo. Unanitaka?"

"Ungeniuliza siku ile," mama akasema, "ningekukataa. Nilikuwa nakuogopa." Akamshika mkono. "Leo nakutaka. Haya, inuka, watu wana njaa."

Mmecheka, na mimi nimewaacha mcheke. Sasa tuangaliane. Sisi tunaosema "huyu wangu namjua", tulimwuliza lini? Baba, binti yako anasomea unachokitaka wewe, ulimwuliza? Mama, mkweo hujibu "sawa mama" kwa kila jambo, nawe unaona mna amani. Je, akisema "si sawa", ana pa kukaa?

Mungu aliyeumba mbingu na nchi alituma malaika hadi Nazareti, kwa binti wa kijijini, na mbingu zikangoja jibu lake. Mwenye uwezo wote alingoja! Sisi ni nani hata tuchukue bila kuuliza, halafu tuuite huo upendo? Asiye na nafasi ya kukataa, ndugu zangu, hajakubali. Amevumilia tu.

Yupo mtu nyumbani kwako unayemfikiria sasa hivi. Kamwulize leo. Kisha funga mdomo, ungoje.