Mkia wa Mkeka wa Saumu

Mfupa haujui siku ya harusi. Ndivyo alivyosema baba yenu mkubwa jana, alipomkuta fundi anataka kupandisha matofali juu ya lenta ya zege iliyomwagwa juzi, haijakauka. Nyinyi mkacheka, mkaniuliza lenta na mfupa wapi na wapi, tena harusi imeingiaje. Kaeni basi, mtandike miguu. Maneno hayo hayakushuka na mvua. Yana mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mshonaji wa mikeka, na chanzo chake ni hiki.

Bikombo binti Faki alikaa Mtondooni, na hapakuwa na mkono kama wake katika kushona. Ukili wake, ule utepe wa ukindu uliosukwa, ulibana hata ukimwaga maji juu ya mkeka yanakaa kwanza, kama yanayofikiri pa kupita. Alikuwa na binti mmoja, Saumu, na Saumu alikuwa ameposwa.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo wao, maana humo ndimo lilimo jambo. Mkeka wa bibi harusi hushonwa na mama mzazi, na ukili wa mwisho haukatwi nyumbani. Huachwa unaning'inia kama mkia. Siku moja kabla ya ndoa mkeka hupelekwa kwa kina bwana harusi, na pale, mbele ya wakwe, mama huinama akaukata ule mkia kwa meno yake ya mbele. Si kwa kisu wala kwa wembe. Walisema chuma kikigusa mkeka wa ndoa, kitaigusa na ndoa yenyewe.

Na Bikombo alikuwa na pengo. Mwanzoni mwa mwaka alijikwaa kwenye kizingiti cha jiko akaangukia kinu, jino la mbele la juu likavunjikia ndani ya ufizi. Watoto wake wa kiume wakamchangia, akapelekwa mjini kwa daktari wa meno, Daktari Makame, mtu mpole mwenye vidole virefu. Daktari akamweleza kwamba lipo jino la kuvaa na kuvua, na lipo la kuegemezwa kwa meno jirani, ila hayo jirani lazima yachongwe kwanza. Na lipo la kupandwa. Hilo la kupandwa huanza na skrubu ndogo ya madini, urefu wake kama punje ya mpunga, inayotiwa kwenye mfupa wa taya. Mfupa huizoea taratibu, ukaishika kama mti unavyoshika ardhi, kisha ndipo jino huwekwa juu yake.

Bikombo aliuliza moja tu, lipi kati ya hayo litakata ukindu. Daktari akasema la kupandwa, lakini ukiupa mfupa miezi mitano. Harusi ilikuwa baada ya msimu wa karafuu, miezi saba mbele. Akakubali. Akachomwa ganzi, skrubu ikaingia, na juu yake akabandikiwa kijino cha muda, kifupi kidogo kisigusane na jino la chini. Cha kutazamwa, daktari alisisitiza, si cha kuuma.

Mwezi haukwisha. Bwana harusi alikuwa muuguzi, na likizo yake ikaletwa karibu. Wakwe wakatuma ujumbe kwamba ndoa iwe baada ya wiki saba.

Tangu siku ile Bikombo hakukaa kitako. Alipanda gari la asubuhi akaenda kumsihi Daktari Makame ampe jino lenyewe mapema. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bi Bikombo," alisema, "hiyo harusi unaijua wewe na majirani zako. Mfupa hauijui."

"Basi uambie," alijibu Bikombo, na msaidizi wa daktari aliyekuwa pembeni akaangalia chini asionekane anacheka.

Alirudi mikono mitupu. Akawa anashona na ulimi haumtulii mdomoni, unakwenda kwenye kijino na kurudi. Wifi yake, Hadia, mwanamke mwenye maneno, alipita kila siku kutazama mkeka ulipofika, na kila siku aliuliza kama mkia utakatwa kwa meno au kwa ufizi. Bikombo alimjibu kwa mzaha, lakini usingizi ulimpungua. Alijiona ameinama mbele ya wakwe, ukili mdomoni, anautafuna kama mbuzi na haukatiki, na Saumu amefunika uso kwa aibu.

Na hapa ndipo alipokosea, kosa ambalo angelifanya mshonaji peke yake. Mnajua ukindu uliotiwa rangi haujaribiwi kwa macho. Unaweza kuonekana umekauka kumbe ndani una maji. Mshonaji huchukua uchane, yaani ukanda mmoja mwembamba wa ukindu, akauuma na kuuvuta. Ukilia umekauka, ukinyamaza urudishe juani. Bikombo alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini. Basi asubuhi moja, kabla hajaanza kazi, alichukua uchane, akauweka kwenye kile kijino, akauuma, akauvuta. Hakuwa anajaribu ukindu. Alikuwa anajaribu mfupa, kujua umefikia wapi.

Siku ya kwanza kijino kilisimama imara, akafurahi. Kesho yake akavuta zaidi kidogo. Akawa hawezi kushika shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, mpaka ajaribu kwanza. Siku ya tisa alihisi kitu kimesogea. Kidogo sana, kama mlango uliolegea bawaba. Akaweka ulimi. Kikasogea tena.

Hakumwambia mtu. Alijidanganya kwamba kitashika chenyewe akinyamaza. Ufizi ukawa mwekundu, ukavimba, naye akaacha samaki, akaacha mhogo, akabaki na uji. Saumu alimtazama siku tatu, ya nne akamwekea kanga mabegani na kumwambia wanakwenda mjini.

Daktari Makame alikishika kile kijino kwa vidole viwili, kikazunguka. Hakugomba. Aliuliza tu alikuwa anauma nini, na Bikombo akasema ukweli wote, uchane kwa uchane. Daktari akashusha pumzi. Skrubu ikatoka, kidonda kikasafishwa, akapewa dawa. Mfupa utapona, alimwambia, kisha wataanza tena mwanzo, na safari hii miezi itakuwa mingi kuliko ya kwanza. Zilibaki siku kumi na moja.

Hadia alipopata habari alikuja na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Akashauri mkia ukatwe pale pale chumbani, ncha ilainishwe kwa mate ionekane imeumwa, na wakwe waambiwe mama alishindwa kungoja kwa furaha. Nani atajua? Alisema kwa huruma, si kwa ubaya. Bikombo akaukunjua mkeka, akaweka wembe juu ya ukili. Alimwona Saumu mlangoni, anakitazama kile chuma. Bikombo akaurudisha wembe kwenye karatasi.

Mkeka ukapelekwa na mkia wake. Njia nzima Bikombo alitembea amebana midomo. Walipofika, wanawake wa upande wa pili walikuwa wamejipanga ukutani, na katikati amekaa nyanya wa bwana harusi, Bi Mgeni, mwanamke aliyeogopwa na watu wazima. Mkeka ukatandikwa. Watu wakangoja ainame.

"Haya, mkwe," alisema Bi Mgeni. "Kata."

Bikombo aliinua uso, akafungua mdomo, pengo likaonekana na kila mtu.

"Sina cha kukatia," alisema. "Nilipandwa jino. Nikaambiwa ningoje mfupa ushike, nami nikaona harusi imefika, nikauharakisha. Jino likang'oka. Mfupa haujui siku ya harusi, mama. Nilikuwa na wembe mkononi, nikaogopa kuwaleteeni mkeka wa uongo. Mkiukataa, nitaukunja."

Saumu hakuwapo pale, alikuwa ndani kwao anapakwa hina. Bikombo aliwaza kwamba huenda mtoto anapambwa kwa ndoa ambayo imevunjika dakika hii.

Bi Mgeni alimwashiria kwa kidole.

"Sogea nikuone vizuri," alisema. Bikombo akasogea. "Una pengo moja tu na unatetemeka hivyo? Mimi nimebakiwa na matatu, nayo hayaelewani." Wanawake wakaangua kicheko. Bi Mgeni akangoja kiishe. "Mkeka unalalika hata mkia usipokatwa. Uacheni na mkia wake. Ukishika huo mfupa, njoo ukate."

Ndoa ikafungwa. Saumu akaupokea mkeka wake ukiwa na mkia wa urefu wa mkono, unaotoka ukingoni na kulala sakafuni. Kila mgeni aliyeingia alijikwaa hapo, akauliza mbona hamkati huu ukili, na Saumu au Bi Mgeni akamjibu kwa maneno yale yale ya Bikombo. Wageni wakatoka na maneno hayo. Wakamwambia anayekamua maziwa kabla ndama hajanyonya, anayeanua karafuu mbichi, anayemtaka aliyefiwa acheke wiki ya kwanza. Hata waliokuwa hawamjui Bikombo wakawa wanayasema.

Na yeye? Alingoja. Skrubu ya pili ilipotiwa, uchane hakuugusa kwa jino, na ukindu wake alimpa Hadia amuumie. Mwezi wa kumi na moja baada ya harusi, Daktari Makame akaliweka jino lenyewe, akaligonga kwa kichuma chake, akasikiliza, akasema sasa nenda. Siku ile ile akapita kwa Saumu, akapiga magoti, akakata. Ilisikika mara moja, kap, na kazi ikaisha.

Kwa hiyo mkisikia mtu anahimizwa na siku aliyoipanga mwenyewe, na kitu anachokihimiza kina mwendo wake, mjue anaambiwa nini. Mfupa haujui siku ya harusi.