Mfalme Eako Amhukumu Mwanawe

Haki haina mwana. Mmelisikia neno hili leo kwenye kikao cha ukoo, wajukuu zangu, mkaniuliza limetoka wapi. Lilitoka mbali, katika kisiwa cha Uyunani ya kale kiitwacho Egina.

Mfalme wa huko alikuwa Eako. Watu walisema baba yake ni Zeu, mkuu wa miungu yao, kwa sababu mwaka wa ukame Eako alipanda mlimani kuomba, na kabla hajashuka mvua ikanyesha nchi nzima. Tangu hapo hata wafalme wengine walivuka bahari kumletea mashauri yao, maana hakumpendelea mtu.

Alikuwa na wana watatu. Telamoni na Peleo walizaliwa na malkia Endei. Foko, mdogo wao, alikuwa wa mke mwingine. Katika michezo Foko aliwashinda wote, na baba yake hakuificha furaha yake. Endei akaogopa kwamba kiti cha enzi kitamwendea huyo, akawatia wanawe maneno. Siku moja wakishindana kurusha kisahani kizito cha jiwe, Telamoni akamlenga Foko kichwani, naye Foko akafa papo hapo. Wakamficha kichakani, lakini mbwa wa Foko wakamgundua.

Eako alimwosha marehemu kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akawafukuza wale wawili, wasikanyage tena ardhi ya Egina. Peleo alikwenda moja kwa moja. Telamoni alirudi kujitetea, na kwa kuwa nchi kavu alikatazwa, alishuka chomboni akasimama baharini, maji yakimfika kifuani. Watu walijaa ufukoni.

Alieleza kwamba jiwe lilimponyoka. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wageni.

"Kama lilikuponyoka, mbona mlimficha?"

Telamoni akasema, "Baba, mimi ni mwanao. Ukinifukuza, nani atakurithi?"

"Hata Foko alikuwa mwanangu," alisema Eako. Hakugeuza uso. "Nenda."

Telamoni akaondoka. Mfalme alibaki amesimama pale, hana mwana hata mmoja, na hakuna aliyethubutu kumkaribia. Wanasema alipokufa, miungu ilimkabidhi kazi ya kuwahukumu wafu.

Tangu siku ile, waliokwenda kwake na kesi hawakutaja tena udugu wala ujirani. Waliambiana njiani tu, kwa sauti ya chini: haki haina mwana.